Bi Studio na Disketi Nne

Kila alasiri, kabla hatujakaa vizuri barazani kwake, Bi Studio alikuwa akitoa kichwa dirishani na kutuuliza swali lile lile: "Haya, mumepiga nini wiki hii?" Na kila alasiri hatukuwa tumepiga kitu. Tulikuwa wanaume watatu wazima, wenye kazi zetu, na sote tukijiita wapiga picha. Mwenye duka la misumari alikuwa na kamera mbili kabatini, kazifunga kwa flana zisiingie unyevu. Mwalimu wa jiografia alikuwa na moja, na lenzi tatu, na kitabu cha maelezo alichokihifadhi karibu chote. Mimi nilikuwa karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na sikuwa na kamera hata moja, kwa sababu nilikuwa bado nachagua.

Nilichagua kwa miaka mitatu. Binamu yangu aliyekuwa Dubai alikuwa akiniletea katalogi, na katalogi hizo tulizisoma barazani mpaka kurasa zikalegea. Tulibishana kuhusu lenzi ya kuvuta mbali na lenzi isiyovuta, kuhusu betri, kuhusu kamera hizi mpya zisizotumia filamu, kama zitadumu au ni mchezo wa Wajapani. Mwalimu wa jiografia aliwahi kununa wiki nzima kwa sababu nilisema kamera yake ni nzito. Kununa kwenyewe alikuja kununia pale pale barazani, maana hakuwa na pengine pa kwenda.

Bi Studio alikuwa akitusikia yote. Yeye alikaa ndani, nyuma ya dirisha la kioo, miwani imefungwa uzi nyuma ya kichwa, akichora negativu kwa ncha ya penseli ili kumwondolea mtu kovu au chunusi. Vidole vyake vilikuwa vya manjano kwa dawa za kuoshea picha, na nguo zake zilinuka dawa hizo pamoja na udi, kiasi kwamba mpaka leo nikisikia harufu ya udi nahisi kuna mtu anaosha picha mahali. Kamera yake ilikuwa moja tu. Ngozi yake ilibambuka zamani, na mahali pa kushikia alipazungushia ukanda wa tyubu ya baiskeli.

Siku moja mwenye duka la misumari alimuuliza kwa adabu zote, "Bi, hii kamera yako yaona kweli?"

"Naona mimi," akasema. "Hii yashika tu."

Tulilicheka jibu hilo siku tatu. Mwalimu wa jiografia akasema hayo ndiyo maneno ya mtu asiye na lenzi ya pili.

Hakuwa mtu mpole. Mteja akija na uso wa uchovu, humrudisha nyumbani akalale. Alimrudisha afisa mmoja mkubwa wa serikali, aliyekuja kupiga picha ya pasipoti, na yule bwana akaenda kweli, akalala, akarudi kesho yake asubuhi kavaa kanzu iliyopigwa pasi. Hakuwahi kumwambia mtu atabasamu. Alikuwa akikwambia uhesabu kurudi nyuma kutoka kumi, kwa lugha uliyoongea na mamako, na ukifika nne anafyatua. Alisema watu wakifika nne huwa wameshasahau kuwa wana uso. Nimewasikia Wagiriama wakihesabu pale ndani, na Wahindi, na Washihiri, na mzee mmoja wa Kibajuni aliyefika nne akaanza kulia, na picha yake ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kuona, ingawa sikulisema hilo wakati ule. Wakati ule nilisema mwanga ulikuwa mdogo.

Siri za watu alizitunza kwa namna yake. Ukimwambia jambo kwa mdomo, kabla ya magharibi limefika mtaa wa pili, Kibokoni. Lakini kilichopita kwenye lenzi yake hukipati kwake hata umpe nini. Na yeye mwenyewe hakutaka kupigwa picha. Mwenye duka alipojaribu siku moja kwa hila, alirushiwa kandambili, ikampata, na sote tukakubaliana kuwa kwa umri wake alikuwa na shabaha nzuri.

Kamera mpya aliziita vidude. Lakini siku moja nilipoteza katalogi, nikaitafuta ofisini na nyumbani, na wiki ya pili nikaiona imechungulia chini ya mto wa kiti chake. Ukurasa wa vidude ulikuwa umekunjwa pembe. Niliiacha pale pale.

Jambo lililomfanya ajulikane Mji wa Kale wote lilikuwa arusi za wanawake. Siku ya kupamba, bibi arusi anapokalishwa juu ya kiti chake na wanawake wenziwe wanamtazama, wamevua mabuibui, wamejipamba, hapana mwanamume anayeingia wala kamera inayopita mlangoni. Ilipita moja tu, ya Bi Studio. Wasiotaka kupigwa aliwakalisha upande wa madirishani, na upande huo hakuugeukia hata kwa bahati mbaya. Filamu aliosha mwenyewe, akachapa mwenyewe, vipande vya kujaribia akavichoma kwenye seredani ya makaa, kisha picha na negativu zake zote akazitia bahasha moja na kumkabidhi bibi arusi mkononi. Hakubakisha hata moja. "Mimi sikai na picha za wanawake wa watu," alisema, na kila mama wa Mombasa aliyekuwa na binti alilijua neno hilo.

Ndiyo sababu kwenye kioo chake cha mbele, mahali ambapo wapiga picha wengine hutundika maharusi, yeye alitundika viti vitupu. Kila arusi, kabla watu hawajaingia, alikuwa akipiga kiti cha bibi arusi peke yake, na maua yake, na mito yake. Hayo ndiyo yalikuwa matangazo yake. Mdogo wangu wa kike, tangu ana miaka saba, alikuwa akisimama pale kila tukipita na kuchagua kiti atakachokalia siku yake. Alikuwa akibadilisha mawazo kila wiki. Alitaka picha ya Bi Studio kabla hajajua kuna kitu kinaitwa mume.

Mwaka ambao hatimaye nilinunua kamera ndio mwaka alioposwa mdogo wangu. Kamera ilikuja na binamu yangu kutoka Dubai, nzito na pana, na badala ya filamu ilimeza disketi, zile zile za kutia kwenye kompyuta. Disketi moja ilichukua picha kama ishirini. Niliibeba barazani kwa mikono miwili. Wenzangu waliizunguka, na kwa mara ya kwanza mwalimu wa jiografia akaomba kushika kamera ya mtu mwingine. Hiyo ndiyo siku niliyoringa kuliko zote maishani mwangu, na nasikitika kusema sijawahi kupata nyingine iliyoikaribia.

Siku hiyo hiyo nikaanza kumsumbua Bi Studio. Nilitaka arusi ya mdogo wangu ipigwe kwa kamera yangu. Nilimwambia itamfaa yeye kuliko mtu yeyote: hapana filamu, hapana dawa, hapana chumba cha giza.

"Na zitatoka vipi humo ndani?" akauliza.

"Kwa kompyuta, Bi."

"Kompyuta ya nani?"

"Ya ofisini kwetu."

"Ofisini kwenu muna wanawake wangapi?"

Hatukuwa na hata mmoja. Akarudi kwenye negativu zake.

Nikaenda kumwelemea mdogo wangu. Yeye alitaka ile kamera yenye tyubu ya baiskeli, aliisema wazi, lakini mwisho alikwenda mwenyewe kwa Bi Studio akamwambia, "Kaka amengoja miaka mitatu. Mwache naye afurahi." Nililisikia hilo na nikaona ni haki yangu.

Bi Studio akakubali kwa sharti. Picha atazitoa yeye kwenye kompyuta kwa mkono wake, na mimi nitasimama chumba kile kile nimeutazama ukuta, nimwelekeze kwa mdomo. "Dadako na mamako wawaona," alisema. "Wake za watu huwaoni." Nilimshauri achukue na kamera yake pia, kwa heshima tu. Akasema mikono yake ni miwili, ama apige ama abebe. Akaiacha nyumbani.

Wiki nzima kabla ya arusi nilimfundisha. Alijifunza haraka, jambo lililoniudhi kidogo. Siku ya kupamba mimi nilikaa nje na wanaume, nikila pilau na kumweleza kila aliyekaa karibu namna picha inavyogeuka kuwa namba. Baadhi yao walihama sahani.

Jumamosi iliyofuata, ofisi ilipofungwa mchana, nilimpeleka. Mdogo wangu alikuwa kwenye fungate, siku zake saba za ndani. Bi Studio alikuja na disketi nne zimefungwa kwenye leso, akakaa kwenye kiti changu, na mimi nikasimama kona ya pili, pua yangu imekaribia kalenda ya ukutani. Nilimwambia atie ya kwanza. Nikasikia mashine ikikwaruza.

Nieleze jambo moja hapa. Kompyuta ile ilikuwa na ugonjwa. Mara nyingi haikuisoma disketi ikitiwa mara ya kwanza, na ofisi nzima ilijua dawa yake: uitoe, uifute, uirudishe. Mimi pia nilijua. Ningegeuza shingo nikaona maandishi yale, ningejua mara moja. Lakini nilikuwa nimepewa sharti, na zaidi ya sharti, nilikuwa mtaalamu.

"Yasema disketi haijatayarishwa," akasema Bi Studio. Kizungu alikijua kiasi, alisoma polepole. "Yauliza, itayarishwe?"

"Iambie ndiyo."

"Ngoja. Yasema vilivyomo vyote vitafutika."

"Hayo ni maneno ya kutisha watu tu, Bi. Huandikwa na mawakili. Iambie ndiyo."

"Una hakika? Yaniuliza kama nina hakika, na mimi sina. Nakuuliza wewe."

"Nina hakika," nikaiambia kalenda.

Akabonyeza. Mashine ikakwaruza kwa muda mrefu. Alipofungua akasema hapana kitu ndani. Nikamwambia pengine hiyo alikosea kupiga, atie ya pili. Ya pili ikauliza yale yale, na mimi nikajibu yale yale. Ya tatu vilevile. Ya nne, Bi Studio akasema kwa sauti ndogo sana, "Mwanangu, una hakika?" Nikasema nina hakika. Sijui mpaka leo kwa nini nilisema. Nadhani mtu akishajibu ndiyo mara tatu, huona haya kubadilisha.

Nilipogeuka hatimaye, skrini ilikuwa nyeupe, na yeye alikuwa ameweka mikono yake ya manjano mapajani. Nilielewa papo hapo. Nikakaa sakafuni, na shati langu la Jumamosi mwilini.

Alizikusanya disketi akazifunga kwenye leso. "Usiseme neno," akasema. "Nitasema mimi ndiye niliyekosea kubonyeza. Wewe una dada mmoja."

Hapo ndipo mtu mwenye haya angesema hapana. Mimi nilisema, "Shukrani, Bi."

Habari zilienea kabla fungate haijesha. Mwanamke ambaye hakuwahi kuunguza filamu hata moja alikuwa amepoteza kupamba nzima. Mama yangu alilia, kisha akasema uzee hauna dawa. Shangazi zangu walisema mengi zaidi. Msimu wa arusi uliofuata, watu walimwita msichana mmoja mwenye kamera ya video, na ile kamera yenye tyubu ikakaa. Barazani wenzangu waligeuza jambo lile kuwa mchezo. Mwalimu wa jiografia alikuwa akiigiza Bi Studio akitafuta kitufe kwa kidole kimoja, na kusema kweli aliiga vizuri, na mimi nilicheka. Nilicheka pamoja nao, nimelikalia jiwe la baraza lake, na dirisha liko wazi.

Bi Studio aliendelea kututolea kichwa na kutuuliza tumepiga nini. Ila akimaliza kuwauliza wenzangu alinitazama mimi na kuongeza, "Na wewe? Huna la kusema?" Nilidhani ananitania kwa uvivu wangu. Au niseme nilijilazimisha kudhani hivyo, mpaka nikachoka kujilazimisha, nikaanza kurudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Kamera niliitia kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati. Mdogo wangu alihamia kwa mumewe Lamu, na kila akija alinisalimu vizuri, akanipikia, hakuigusa habari ile hata siku moja. Nilimshukuru Mungu kwa kunipa ndugu msahaulifu.

Zaidi ya miaka miwili ilipita hivyo. Kisha asubuhi moja nilikutana na Bi Studio sokoni Marikiti, anachagua ndimu, anaziminya moja moja huku muuzaji akimtazama kwa uchungu. Alikuwa amepungua. Uzi wa miwani ulikuwa ule ule.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Yule! Nilidhani umehama."

Nilimbebea kikapu. Tulipita kwenye magunia ya pilipili na bizari, wachukuzi wanatupigia kelele tupishe, na pale pale katikati ya njia, bila kupanga, nikasema. Nikasema mimi ndiye niliyezifuta, siyo yeye, alinionya mara nne nami nikajibu ndiyo mara nne. Nikasema nimemwachia lawama yangu miaka yote hii na ninaona haya. Machozi yalinitoka, na singependa kuisingizia bizari.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Sasa mimi waniambia nini?" akasema. "Mimi ndiye niliyekaa kwenye kiti. Mimi najua."

"Nimwambie nani, Bi?"

"Wale uliocheka nao. Kubonyeza hakukuniuma. Mashine ni mashine. Kucheka kuliniuma, nilikuwa dirishani."

Tukaenda hivyo hivyo, mimi na kikapu, yeye mbele. Ilikuwa siku ya mapumziko, na wenzangu walikuwepo barazani na katalogi mpya katikati yao, utadhani sikuondoka. Viti vitupu vilikuwa bado kiooni, vimefifia kwa jua. Nilisimama mbele yao na ndimu za watu mkononi, nikaeleza tangu kamera mpaka kalenda. Mwenye duka la misumari aliinamisha kichwa akaomba radhi dirishani, kwa sauti, kama inavyopasa. Mwalimu wa jiografia alifikiri sana, kisha akaniuliza kama tatizo lilikuwa la kamera au la kompyuta.

Bi Studio alikuwa ameingia ndani. Alipotoka alikuwa na bahasha, imefungwa kwa gundi, na kingo zake zimegeuka rangi. Akanipa.

Ndani mlikuwa na picha moja. Mdogo wangu, kakaa kwenye kiti, na maua yake, na mito yake, kavaa nguo zake za arusi zote. Alikuwa peke yake. Shangazi na majirani hawakuwepo, hao hawakuweza kupambwa tena, na wamepotea mpaka leo kwa mkono wangu. Nikamwangalia vizuri. Hina ya mikononi ilikuwa imeshafifia, rangi ya chai ya maziwa. Alikuwa amefika nne, nilimjua kwa uso wake.

"Nilimpiga siku ya nane, alipotoka fungate," akasema Bi Studio. "Kwa kamera yangu. Nilikwenda kumwambia nimekosea kubonyeza, akanikatiza. Akasema, Bi, huyo kaka yangu namjua, wewe hubonyezi kitu bila kumuuliza. Picha nyingine za siku hiyo kachukua yeye. Hii kaiacha kwangu, akasema usionyeshwe mpaka useme mwenyewe."

Alikuwa ananitazama, na hakuwa na hasira, jambo ambalo lilinitesa zaidi.

"Mimi nilisema hutapitisha mwezi," akasema. "Dadako akasema utachukua mwaka. Sote wawili twalikudhania mwema zaidi."

Kisha akachukua kikapu chake cha ndimu, akaniachia bahasha. "Enda nayo. Mimi sikai na picha za wanawake wa watu."